Fani ya Mpita Kimya

Vikombe vya chai vilikuja vinne, na sebuleni kwa Mwalimu Ambakisye kulikuwa na watu watano.

Sekela Mwambene hakulitilia maanani mara moja. Alikuwa ametoka Mbeya asubuhi, kwenye mvua, kuja Tukuyu kutazama watu wakicheza mchezo alioubuni yeye mwenyewe, na kwa saa tatu alikuwa amekaa dirishani akiandika. Sasa mchezo ulikuwa umekwisha. Wachezaji walivua tepe nyeusi walizokuwa wamezifunga kwenye paji la uso, wakazirudisha sandukuni, wakaanza kujinyoosha na kupiga miayo.

"Karibu chai, dada Sekela," alisema Mwalimu, mzee wa miaka sitini hivi aliyekuwa msimulizi wa meza ile. "Sisi watatu, na wewe mgeni wetu wa nne."

Sekela alitazama meza. Mwalimu. Nesi Tusekile wa zahanati, ambaye ndani ya mchezo alikuwa Mganga. Kenani, seremala mwenye mabega mapana, aliyecheza Mkuki. Na kando ya Kenani, mwanamke mwembamba aliyevaa sweta la kijani, mikono ameifumbata mapajani.

"Na huyu dada?" aliuliza, akitabasamu. Alidhani wanamtania.

"Dada gani?" Mwalimu alifuata kidole chake. Macho yake yalipita juu ya uso wa yule mwanamke kama yanavyopita ukutani, yakaenda kutua kwenye kalenda. "Aa, hapo pana kiti. Hamia ukipenda, dirishani pana baridi."

Kenani alisimama, akavua koti lake lililolowa, akalilaza juu ya mapaja ya yule mwanamke, kisha akaketi tena na kuchukua kikombe chake. Hakumwangalia. Mwanamke alilishika lile koti, akainuka polepole, akaenda kulitundika kwenye msumari wa mlango. Alipogeuka alikuwa akimtazama Sekela machoni.

"Wewe unaniona," alisema, kwa sauti ya kawaida, sauti ya kutosha kujaza chumba kile.

Hakuna aliyegeuza kichwa. Nesi Tusekile alikuwa anaomba sukari.

*

Walizungumza jikoni, nje, karibu na moto. Mwanamke aliitwa Gwantwa. Kenani alikuwa mumewe.

"Wiki ya tatu sasa," alisema. "Mwanzoni nilidhani wamekubaliana kuninunia. Nikajiuliza nimemkosea nani. Nilimsalimia Mwalimu njiani, shikamoo, akapita. Mwalimu! Mtu aliyenifundisha kusoma. Nikarudi nyumbani nikalia."

"Mumeo je?"

"Nikimgusa, anajikuna." Gwantwa alionyesha, akapapasa mkono wake mwenyewe kama mtu anayefukuza mbu. "Chakula anakula. Haulizi nani kapika. Siku moja dada yake alimpigia simu akamuuliza, mkeo yuko wapi? Akamjibu, yupo tu ndani. Nilikuwa nimesimama mbele yake."

Sekela alikuwa anajua kilichotokea. Alikuwa amekitengeneza kwa mikono yake.

Falme za Ukungu ulikuwa mchezo wa mezani: karatasi, penseli, dadu, na msimulizi anayewaongoza wenzake katika nchi ya kubuni. Kila mchezaji alichagua fani, yaani aina ya mtu atakayekuwa humo. Kwa miaka kumi na moja, kazi ya Sekela ilikuwa kubuni fani hizo. Kila fani alipaswa kuipa nguvu, kisha kuitafutia gharama ya kulingana na nguvu hiyo, ili mchezaji mmoja asiwameze wenzake. Mganga aliponya, lakini hakuruhusiwa kubeba silaha. Mkuki alipigana, lakini hakuweza kusoma alama za wachawi.

Mpita Kimya ndiye aliyemsumbua. Mpelelezi, mtu wa kuingia na kutoka bila kuonekana. Wachezaji walilalamika kwamba inawalazimu kujifanya hawamwoni mtu aliyeketi mbele yao, anatafuna karanga. Ndipo Sekela alipoamua kuutumia utepe wa kufunga kwenye paji la uso. Utepe haukuonyesha picha wala kupiga kelele. Uliufundisha ubongo nini cha kuzingatia na nini cha kuacha, kama vile mtu mwenye friji chumbani anavyoacha kuusikia mngurumo wake. Mpita Kimya alipojificha, tepe za wenzake ziliwafundisha kumwacha yeye. Gharama yake aliiandika mwenyewe, na aliipenda kwa jinsi ilivyokaa sawa: *Akiwa amejificha, Mpita Kimya hawezi kusaidiwa na yeyote.*

Hakuwa amefikiri kwamba baada ya wiki nane ubongo ungekuwa umeshalikariri somo, usihitaji tena utepe. Na katika meza ya Tukuyu, Mpita Kimya alikuwa Gwantwa.

"Nitarekebisha," alimwambia Gwantwa. "Nikifika ofisini leo leo. Wakivaa tena tepe, watakuona."

Gwantwa alichochea moto. Kisha akauinua mkono wake wa kushoto kwenye mwanga. Kidole cha pete kilikuwa kimepinda, kimeunga vibaya, kinaelekea pembeni.

"Hiki ni cha Pasaka," alisema. "Jeraha hili la begani ni la mwaka jana. Kaka yangu nilimkimbilia mara mbili, mara mbili akanirudisha. Wiki ya tatu hii, dada, nalala usiku kucha. Sijui kama unaelewa. Nalala kitandani kwangu, mume wangu yupo kando, na hanijui." Alimtazama. "Usirekebishe."

"Gwantwa..."

"Nipe muda basi. Usifanye kitu kabla hujarudi kuongea na mimi. Niahidi."

Sekela aliahidi.

*

Mbeya, jioni ile, alichukua orodha ya meza za majaribio. Zilikuwa arobaini na moja, Iringa hadi Njombe hadi Sumbawanga, kila moja na Mpita Kimya wake. Taarifa za wasimulizi alikuwa amezisoma mwezi mzima bila kushtuka. Sasa aliziona kwa jicho jingine. *Mchezaji wetu mmoja aliacha. Mmoja hafiki siku hizi. Tumebaki watatu.*

Alianza kupiga simu kwa hao walioacha.

Walipokea. Mmoja baada ya mwingine walipokea, na karibu wote kwanza walinyamaza, kama watu waliosahau simu ni ya nini. Mwanafunzi wa chuo alimwambia anaishi bwenini na wenzake anaocheza nao wanafunga mlango yeye akiwa bado hajaingia. Mama mmoja alianza kucheka na hakuweza kuacha. Hakuna aliyekuwa ametoa taarifa popote. Kila mmoja aliamini kwamba ametengwa, na kila mmoja alikuwa ameshapata sababu ya kwa nini anastahili.

Njombe alipokea Mzee Atilio Mgaya, karani wa posta mstaafu, ambaye meza yake ilikuwa familia yake nzima, hadi wajukuu.

"Unanisikia, mwanangu?" aliuliza mzee.

"Nakusikia, baba. Shikamoo."

"Marahaba." Sauti ilikuwa ndogo, kama inatoka chini ya kitu. "Samahani, siwezi kusimama. Nilianguka asubuhi. Nipo hapa sakafuni."

"Uko peke yako?"

"Hapana. Wapo wote."

Na kweli Sekela aliwasikia: televisheni, sahani, mtoto akisimulia jambo la shule, watu wazima wakicheka. Walikuwa karibu. Walikuwa hatua mbili tatu kutoka kwenye ile simu.

"Wananiruka," alisema Mzee Atilio. "Binti yangu amepita na sinia, akaniruka. Nadhani nimewachosha. Nimekuwa nikiongea sana siku hizi."

Sekela aliita gari la wagonjwa la Njombe, akabaki hewani na mzee kwa dakika arobaini. Alisikia mlango ukigongwa, wahudumu wakiingia, na binti akiwauliza kwa mshangao wamemfuata nani, mbona hapa wote wazima. Alisikia machela ikifunguliwa. Kisha sauti ya yule binti tena, imetulia kabisa, ikimwambia mtu: "Sijui walikuwa wanatafuta nini. Funga mlango, baridi inaingia."

Nyonga ilikuwa imevunjika, lakini mzee angepona.

Hadi mapambazuko Sekela alikuwa amewapata thelathini na tisa kati ya arobaini na mmoja. Wawili hawakupokea. Mmoja alikuwa Sumbawanga, na kumbe alikuwa safarini. Alipiga mwenyewe asubuhi. Wa mwisho alikuwa Mafinga: Deusi Kihwele, fundi cherehani, miaka hamsini na miwili, aliyecheza na mkewe na wanawe. Sekela alimpigia mwenyekiti wa mtaa wake, akamwomba aende kutazama. Mwenyekiti alikwenda, akarudisha jibu baada ya nusu saa.

"Nimeongea na mkewe. Anasema mzee yupo tu ndani, hana neno."

"Ulimwona wewe mwenyewe?"

"Mama, nimeambiwa yupo. Niingie chumbani kwa watu?"

Saa mbili asubuhi marekebisho yalikuwa tayari. Bosi wake, Bwana Luvanda, alisimama nyuma ya kiti chake bado na koti la mvua mwilini.

"Tuma," alisema. "Tuwaite wote wavae tepe saa hii hii. Tutasema ni maboresho."

"Siwezi kuchagua meza?"

"Unajua huwezi. Tuliahidi tepe hazitajua nani ni nani. Zikipokea, zinapokea zote."

Sekela alikuwa na vidole juu ya kibodi. Alimwona Gwantwa akilala kitandani kwake. Alimwona akiamka na mume anamtazama.

"Saa kumi jioni," alisema.

"Kwa nini saa kumi?"

"Yupo mtu niliyemwahidi. Nahitaji kufika Tukuyu."

"Sekela, yule mzee alikuwa sakafuni siku nzima."

"Thelathini na tisa nimeongea nao kwa sauti yangu, na mmoja kanipigia. Wana watu wa kuwaangalia hadi jioni."

"Na wa Mafinga?"

"Mpigie tena yule mwenyekiti," alisema. "Mwambie aingie chumbani." Akaandika saa kumi, akafunga kwa nywila yake, akachukua funguo za gari.

*

Alimkuta Gwantwa uani, anachambua mboga. Binti yake wa miaka minane, Lugano, alikuwa amekaa miguuni pake, kichwa ameegemeza gotini. Mtoto hakuwahi kuvaa utepe. Yeye alimwona mama yake kama kawaida. Shavu lake la kulia lilikuwa limevimba.

"Jana usiku," alisema Gwantwa kabla hajaulizwa. "Alikuwa ananihadithia mambo yake mezani. Baba yake akamuuliza anaongea na nani. Akasema, na mama. Akamuuliza tena. Akasema tena, na mama." Alitupa jani bovu. "Akampiga kofi. Nilisimama katikati. Nilimshika baba yake mkono, nikaning'inia kwenye mkono wake kwa uzito wangu wote. Akajikuna, akampiga tena. Amesema atampeleka kwa mtu wa kutoa mapepo."

Sekela aliketi chini kwenye udongo unyevu.

"Inatoka saa kumi," alisema. "Nimekuja kukuchukua kabla. Nina chumba Mbeya. Si kwa kaka yako, kwangu."

"Na tukiondoka sasa hivi, hatanifuata?"

"Kwa sasa hajui hata kama una miguu. Ila akishavaa utepe atajua. Ninaweza..." Alikuwa amelifikiria hilo njia nzima, kona baada ya kona. "Ninaweza kuuchukua utepe wake. Asivae. Abaki hivyo hivyo maisha yake yote."

Gwantwa aliacha kuchambua. Kuku walikuwa wanaparua pembeni, na kutoka karakana ya nyuma ya nyumba ilisikika randa ya Kenani ikienda na kurudi, ikienda na kurudi.

"Hapana," alisema hatimaye. "Huyu mtoto bado ataniita mama popote atakapokuwa. Sitaki baba yake amwone mwendawazimu. Mwache avae. Lakini nami niwepo, na wale wengine wawepo."

Saa tisa na nusu Mwalimu aliwakusanya, kama Sekela alivyomwomba kwa simu. Walikaa palepale sebuleni kwake, wakafunga tepe zao, wakiulizana maboresho yenyewe ni ya nini. Gwantwa alisimama karibu na mlango, amemshika Lugano mkono. Saa kumi ilifika. Kwa dakika kadhaa hakukuwa na chochote zaidi ya mvua juu ya bati.

Nesi Tusekile ndiye aliyeanza. Aliweka mkono mdomoni, kisha machozi yakamtoka, na bado alikuwa hajui kwa nini. Mwalimu alifuata. Alimtazama Gwantwa kwa muda mrefu, akakunja uso kama anayesoma mwandiko mbaya.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Gwantwa.

"Mara..." Macho yake yalikuwa yameshuka hadi kwenye kile kidole. "Marahaba, mwanangu."

Kenani alisimama ghafla, kiti kikaanguka. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeamshwa kwa maji.

"Ulikuwa wapi?" alisema.

"Nyumbani."

"Wiki tatu! Ulikuwa wapi, we mwanamke?" Alikuwa ameshaanza kuzunguka meza.

Mwalimu alinyoosha mkono akamzuia kifuani. Alikuwa mzee, lakini mkono hakuutoa. "Kaa chini, Kenani," alisema. "Hao wanaondoka, na wewe utakaa hapa na mimi." Nesi Tusekile naye alikuwa ameinuka, akaja kusimama mbele ya mlango mara Gwantwa alipokwisha kupita.

*

Walikuwa wamefika Uyole simu ilipoita. Sekela aliegesha gari pembeni ya barabara.

"Ofisi imenipa namba yako," ilisema sauti ya mwanamke. Ilikuwa imetulia mno. "Naitwa Yusta Kihwele, niko Mafinga. Tumevaa tepe mlivyosema, mimi na wanangu. Sasa mume wangu yupo hapa kitandani, amekufa. Nataka kuuliza kitu. Nimelala kitanda hiki jana, nimetandika leo asubuhi. Amekuwa hivi tangu lini?"

"Sijui, mama," alisema Sekela. "Nakuja."

Gwantwa alimfunika Lugano kwa kanga, na alfajiri wote watatu walikuwa Mafinga.

Daktari alikuwa ameshasema: mzee alikuwa na kisukari, sukari ikashuka mno, na alikata roho kati ya saa nne na saa tano asubuhi ya jana. Mwenyekiti wa mtaa alikuwepo, macho chini. Alikuwa amerudi mara ya pili kama alivyoombwa, akaambiwa tena kwamba mzee yupo ndani, akaridhika tena. Sekela aliingia chumba cha wanawake, akavua viatu, akapiga magoti kwenye mkeka mbele ya Yusta.

"Mama, fani ile niliibuni mimi," alisema. "Na dawa yake ilikuwa tayari jana saa mbili asubuhi. Niliichelewesha hadi saa kumi."

Yusta alimtazama. Macho yake yalikuwa makavu. "Ulikuwa unamsubiri nani?"

"Mwanamke mmoja. Mume wake alikuwa anampiga. Nilimwahidi muda wa kuondoka."

"Ameondoka?"

"Ameondoka. Yuko hapo nje, na mtoto wake."

Yusta aligeuka dirishani. Uani, kati ya waombolezaji, Gwantwa alikuwa ameshajiunga na wanawake wa pale. Alikuwa anamenya viazi kwa mkono wenye kidole kilichopinda, na mtoto amelala kando yake. Yusta alimwangalia kwa muda mrefu sana, mpaka mtu mmoja akakohoa.

"Asubuhi ile nilipotandika," alisema, bila kugeuka, "shuka lilikuwa zito. Nililivuta. Nilijiambia, mbona leo shuka zito. Nikavuta hadi likanyooka."

Mama mmoja alianza kulia. Sekela alijiinua nusu, ili aondoke awaachie msiba wao.

"Kaa," alisema Yusta.

Alikaa.

"Tunazika kesho saa nane. Usitoke kwenye mkeka huu mpaka tuzike. Kaa hapa kando yangu, upande wa mlango. Kila atakayeingia kunipa pole atakuuliza wewe ni nani, na wewe utamwambia, kama ulivyoniambia mimi. Yote. Na ya huyo mwanamke pia."

Mlango ulifunguliwa. Jirani aliingia na ndoo ya maji, akaitua, akatoa pole, kisha akamtazama mgeni aliyekaa kando ya mfiwa.

"Shikamoo," alisema Sekela. "Mimi naitwa Sekela Mwambene."